Nilivaa Koti la Maabara Nikauza Maji

Kosa ni langu. Hakuna aliyenilazimisha. Nihukumuni mnavyotaka, ila msiniambie ninyamaze.

Nasoma kemia hapa Kisangani. Darasani tulifundishwa juu ya chembe ndogo mno, hadubini ya kawaida haizioni. Zinapakwa ganda laini ili mwili usizifukuze upesi, kisha zinabeba dawa hadi kwenye uvimbe, au zinasaidia uvimbe uonekane vizuri kwenye picha za hospitali. Somo hilo lilinikaa moyoni. Nikamsimulia tonton, kaka wa mama, anayeuza dawa za chupa sokoni.

"Bon," akasema, "kuya sokoni uelezee watu vile unanielezea. Na uvae koti yako ya labo."

Nikavaa. Chupa zake zilikuwa maji, sukari na rangi, na nilijua. Yote niliyosema juu ya zile chembe yalikuwa kweli, ila ndani ya chupa hazikuwamo. Nikajiambia sijadanganya mtu.

Mama Béa, muuza samaki wa kule Wagenia, alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alinunua kwangu, akaacha kwenda hospitali. Miezi baadaye, nilipomwona tena kwenye meza yake ya samaki, alikuwa amekonda, titi limekuwa kidonda.

Hakunitukana. "Mutoto yangu," akaniuliza, "ile dawa iko inatembea polepole? Ao ni mimi nilikunywa mubaya?"

Jamani, alikuwa anajilaumu yeye!

Nikamwambia mbele ya wateja wake: "Mama, ilikuwa maji. Nilijua."

Binti yake akanizaba kofi. Nilistahili. Tukampeleka hospitali, daktari akasema tumechelewa. Tulimzika mvua ikinyesha, nami nilisimama nyuma kabisa, hakuna aliyetaka kunitazama.

Tangu hapo nasimama sokoni, mbele ya meza ya tonton, nawaambia watu ukweli.

"Unatia famille haya," ananiambia.

"Basi mwaga zile chupa."

Mama yangu amenifungia mlango, nalala kwa rafiki. Kanisani wanasema niombe tu kimyakimya. Nimeomba. Na sokoni bado naenda.

Wewe uliyesoma kidogo, mtu akikuita uipambe chupa yake kwa maneno ya darasani, kataa. Na wewe mgonjwa, dawa ya namna ile haiuzwi juu ya meza ya soko. Nenda hospitali, hata kama aliyevaa koti jeupe anaongea vizuri kama mimi.

Tonton, najua watakusomea hii. Kesho asubuhi utanikuta.