Karafuu ya Jino

Mama mdogo wangu ni mwonjaji wa bia, na bia hainywi. Huivuta kidogo, huizungusha mdomoni, hutema kwenye ndoo. Kiwanda chenyewe ni kidogo, matangi manne nyuma ya gereji ya pikipiki, na bia inayokiweka mjini ni ile ya viungo. Tangawizi, mdalasini, iliki na karafuu hufungwa kwenye kitambaa cheupe na kuloweshwa ndani ya tangi kama majani ya chai.

Mfungaji wa vifurushi hivyo ni mzee mmoja mpole ambaye kila mtu humwita Gramu, kwa sababu ya mizani yake. Yeye hupima, mama mdogo huonja. Mama mdogo akisema iliki imezidi, kifurushi kinatolewa. Akisema bado, Gramu anaongeza. Kwa miaka tisa hakuna aliyebishana na ulimi wake, hata bosi.

Na aliulinda. Siku ya kuonja hali kitu, hapigi mswaki kwa dawa, hajipaki mafuta yenye harufu. Aliwahi kumfukuza karani chumbani kwa kumung'unya pipi ya mnanaa karibu na vikombe.

Jumatano moja aliamka shavu limevimba. Jino la nyuma halikuwa limempa usingizi. Mimi ndiye niliyemtolea karafuu kabatini. Akaibana palepale kwenye jino, maumivu yakapoa, akabana nyingine, akaondoka. Sikumwuliza kama ni siku ya kuonja. Yeye alijua.

Alionja akasema, "Kaka, karafuu iko wapi?"

"Imo, dada. Nimepima mwenyewe."

"Basi imelala. Iamshe."

Gramu akafunga kifurushi cha pili. Kesho yake jino lilikuwa bado, na karafuu ilikuwa bado shavuni. Mama mdogo akaonja tena, akatikisa kichwa.

"Dada, hiki kitakuwa cha tatu."

"Ulimi ni wangu au wako?"

Gramu akacheka, akaongeza.

Bia ikatiwa kwenye chupa, ikatoka. Haikumaliza wiki ikaanza kurudi. Mwenye baa mmoja alibeba kreti zima mwenyewe, akalitua mlangoni.

"Hii ni bia au dawa ya meno? Wateja wangu hawaisikii midomo yao! Kuna mmoja amejing'ata ulimi, akadhani ni nyama, nusura ameze!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mdogo hakucheka. Jino lilikuwa limeshang'olewa. Alifungua chupa moja, akaonja, na kabla hajatema akawa ameshajua. Mdomo uliojaa karafuu haukuweza kuisikia karafuu nyingine.

Bosi akamwita Gramu mbele ya wote. "Mzee, ile mizani unaisoma au unabahatisha?"

Gramu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Dada alionja akakuta haina," alisema. "Mara mbili. Maana yake sikuweka nilichodhani nimeweka, na nilipoongeza nikapitiliza. Ni macho, bosi. Macho yameanza kuniacha."

Hakuwa anamsitiri mtu. Aliamini hivyo kweli. Bosi akamwambia akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa, na kwa sauti ile kila mtu alielewa kwamba hataitwa.

Mama mdogo akarudi kwenye vikombe vyake.

Nyumbani hakuniambia siku hiyo. Aliniambia siku ya tatu, tukiwa tunaanika nguo, akiwa ameshika shuka lililolowa bila kulikamua.

"Nikisema, wataniondoa kwenye vikombe. Nikitoka pale mimi ni nani, mwanangu? Mwosha chupa."

"Na yeye, Mama mdogo?"

Aliendelea kulishika lile shuka mpaka likamlowesha miguu.

Siku ya nne alimwambia bosi. Bosi alimsikiliza hadi mwisho, akampa karani vikombe, akamwonyesha mama mdogo kwa kidole upande wa karo la kuoshea chupa. Jioni mama mdogo akanichukua, tukaenda kwa Gramu.

Tulimkuta sebuleni, amelisogeza boksi la kiberiti hadi puani, midomo ikicheza. Alikuwa akijipima macho.

Mama mdogo hakungoja kukaribishwa. Alisema yote akiwa mlangoni: jino, karafuu, kreti, na jinsi alivyonyamaza. "Macho yako hayana kitu, kaka."

Gramu akaliweka boksi chini polepole. "Kwa hiyo nilipima sawa?"

"Ulipima sawa."

"Vifurushi vyote vitatu?"

"Vyote."

"Mama watoto!" akapaza sauti, akijipiga paja. "Njoo usikie! Macho yangu mazima!" Akainuka, akaushika mkono wa mama mdogo kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Asante, dada. Asante sana. Umeniponya."

Mama mdogo aliinamisha uso. Nadhani angeshukuru zaidi kama angetukanwa.

Mkewe akatoka jikoni, mikono ina povu. Akaelezwa. Hakujipiga paja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kreti liliporudi."

"Na alipoambiwa aondoke, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, wifi."

"Usiniite wifi. Siku nne mtu mzima huyu ananisomea kiberiti. Jana aliniomba nimtilie chumvi mwenyewe, anaogopa kijiko."

"Mama watoto, si amekuja mwenyewe?"

"Amekuja. Nimemwona."

Akavuta kiti kimoja, akanikaribisha mimi. Mama mdogo alibaki amesimama karibu na mlango, mkoba kifuani, naye Gramu, bado akitabasamu, akamwuliza kwa mara nyingine: "Vyote vitatu, dada?"