Ngozi Isiyonyamaza

Mikono ya mama ilinitia kinyaa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na mama mwenyewe anajua siwezi kuuficha uso wangu. Viganja vilikuwa vyekundu, vimebabuka magamba magamba, na katikati ya vidole kulichuruzika maji yenye harufu ya samaki wa juzi.

Amebangua korosho kwetu Marambo tangu sijazaliwa. Anazichoma juu ya bati, anajipaka majivu mikononi, anagonga ganda moja moja. Mafuta meusi ya ganda humuunguza kila mbanguaji. Zamani ngozi yake ilibabuka, ikaota mpya, akasahau. Safari hii msimu ulikwisha, wekundu ukabaki.

Nilimpeleka hospitali Nachingwea. Daktari, kijana mpole, aliishika mikono ile bila kukunja uso. Nilimwonea wivu.

"Bibi, seli za ngozi zikizeeka, nyingine hazikubali kufa," alisema. "Kazi hazifanyi tena, ila zinatoa ishara za hatari mchana na usiku. Seli nzima za jirani zikizipata, nazo zinachachamaa. Korosho iliwasha moto, uzee unauchochea. Ugonjwa huu hauambukizi. Paka dawa, na kubangua uache."

"Kumbe zina tabia za mawifi zako," mama aliniambia tukitoka.

Nikaja naye kwangu Ruangwa. Ramadhani ilipoingia, dawa ilikuwa imeshakausha yale maji. Yalibaki magamba tu. Jioni moja wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja kufuturu. Tulikaa mkekani, sinia moja la ugali katikati, kisamvu kando. Mama alinawa kwa sabuni, akanyoosha mkono. Wifi akaurudisha wake.

"Wifi, mie nimeshashiba," akasema, na hata tonge la kwanza hajala. Uso kama aliyelamba ndimu.

Kisha akajivutia bakuli la korosho, akawa anabugia. Korosho zile mama alizileta kutoka Marambo. Alizibangua kwa mikono ileile, wakati ingali ikichuruzika, kabla daktari hajamkataza. Shukrani ya punda, mateke. Hapo kinyaa changu kikahama. Nilimtazama yule mwanamke anavyotafuna, mafuta yakimng'aria mdomoni, nikatamani kutapika.

Mama aliona yote. Akauingiza mkono chini ya khanga.

"Mwanangu, uwe unanipakulia pembeni," akasema taratibu. "Sitaki kuwaharibia watu futari yao."

Mama yangu, ndani ya nyumba yangu, ale pembeni kama mgonjwa wa kutengwa!

"Nimegee tonge, mama," nikamwambia. "Kama ulivyokuwa ukinilisha."

Alisita, halafu akamega. Akalifinyanga, akalichovya kwenye kisamvu, akaninyooshea. Gamba moja jeupe lilikuwa limenasa kwenye ugali. Nililiona vizuri. Nikafungua mdomo.