Nilivyoukuta Mkono Wangu Dukani, Una Pacha

Kitendawili, wajukuu zangu!

Semeni tega, hata wewe unayesoma kazini kwa kujificha.

Nina mkono usio na mwili. Unaingia motoni na kutoka bila kulia. Umeishi miaka thelathini bila ndugu.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeupokea, japo mmenipa kamji kadogo.

Jibu ni glavu ya kuokea mikate, ile ninayoshona mimi. Na hilo la ndugu ndilo lililonileta hapa. Siku moja niliingia dukani nikaukuta mkono wangu umening'inia ukutani, na pembeni yake pana pacha wake.

Mimi sikuwa nimezaa pacha.

Nikatoka mbio kumtafuta mwizi. Heri ningemkosa.

Ngojeni nianzie mbali kidogo.

Marehemu mume wangu alikuwa mwokaji. Mkono wa kushoto alishika koleo refu la mbao, wa kulia akavutia trei. Huo wa kulia ndio uliokuwa ukiungua, vidole mpaka kiwiko. Akirudi nyumbani namtoa ngozi kama namenya kiazi.

Nikachukua blanketi kuukuu. Nikaweka tabaka tatu kwenye kiganja, moja mgongoni, nikalishona lifike kiwikoni. Glavu za watu wengine zilikuwa zinapasuka kwenye dole gumba hata wiki haijaisha. Mimi pale nikatia kipande kidogo cha pembe tatu, nikakiita kikwapa. Gumba likikunjwa, kikwapa kinafunguka, mshono hauvutwi.

Haikupasuka.

Waokaji wenzake wakaiona, wakaja mmoja mmoja. Jina langu likapotea, nikawa Mama Mkono.

Umbo la glavu ile nililikata kwenye karatasi ngumu, nikawa nailaza chini ya godoro isikunjike. Kila glavu ilitoka kwenye karatasi hiyo. Ya kulia. Kila siku ya kulia.

"Mama Mkono, ya kushoto je?"

"Nashona ya kulia tu, baba."

"Lakini mimi natumia mashoto!"

"Pole, baba. Zoea."

Tunacheka, anakwenda zake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliona hivyo ndivyo Mungu alivyonipangia.

Nina binti mmoja. Tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu ameanza kusema hajawahi kunyamaza. Alikuwa akikaa mkekani karibu na cherehani yangu, ananikatia nyuzi na kunisimulia habari za watu wote wa mtaa, walio hai na waliokufa.

Siku moja, yeye tayari msichana mkubwa, tupo hivyo hivyo, akaingia mama mmoja, funguo zinamlia kiunoni. Msimamizi wa kiwanda cha mikate. Akaivaa glavu. Akakunja gumba, akalikunjua. Akakunja tena.

"Nani kashona hii?"

"Ni mimi tu, mama."

"Nataka jozi mia mbili. Kwa kuanzia."

Chiriku akaruka kutoka mkekani. "Tunaweza!"

"Nyamaza wewe." Nikamgeukia mgeni. "Mama, mimi fundi wa barazani tu. Nina cherehani moja tu hii. Na nashona ya kulia tu."

"Kwani ya kushoto ina nini?"

"Sina karatasi yake."

Yule mama akaitazama karatasi yangu pale mezani. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, kama mtu aliyeona nzi kwenye uji wa mwenyeji wake. Akaaga.

"Mama," Chiriku akaanza, "hiyo karatasi si..."

"Nimesema nyamaza! Makubwa yote hayo ya nini? Jozi mia mbili, uharibu moja tu, wanakuvua nguo hadharani. Tumekula mpaka leo kwa mkono mmoja, tutaendelea kula."

Akanyamaza. Chiriku yule! Siku mbili nyumba nzima ilikuwa kama ina maiti.

Mwezi haukuisha, akaniambia amepata kazi ya kufagia maofisi upande wa pili wa mji, na amepanga chumba huko. Nikatoa machozi kidogo, nikamfungia shuka mbili na sufuria.

Kila Jumapili alikuja kunisalimia. Kila Jumapili nilimtoa nyuzi kichwani.

"Huko ofisini mnafagia nyuzi?"

"Mazulia, mama."

Nikaamini. Mzazi akitaka kuamini, hata ukimwambia mwezi umetoka kwa fundi atauliza umeshonwa kwa uzi gani.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Waokaji wangu nao wakapungua, kisha wakakatika kabisa. Nikasema labda watu siku hizi hawaungui.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Fundi Suruali, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Alinipatia mteja wa mbali aliyetaka glavu sita kila mwezi. Hakuwahi kukosa mwezi hata mmoja. Hakuwahi kulalamika. Mteja wa aina hiyo unamwombea dua.

Nilimtambia Chiriku kwa mteja huyo, akila chakula kwangu.

"Unaona? Kidogo cha uhakika. Wewe ungenitosa kwenye jozi mia mbili, leo ningekuwa wapi?"

Akainama, akatafuna.

Sasa ndipo nikaingia lile duka la vyombo, nimefuata mfuniko wa sufuria. Nikainua macho ukutani.

Kitambaa kipya cha dengrizi, si blanketi kuukuu. Lebo nzuri. Ndefu mpaka kiwikoni. Nikaingiza kidole penye gumba, polepole, kama anayepapasa uso wa mtu gizani.

Kikwapa.

Nikaichomoa kutoka kwa pacha wake.

"Bibi," muuzaji akaniita, "hizo ni jozi, usizitenganishe."

"Zinatoka wapi, mwanangu?"

"Karakana moja huko nyuma ya maghala. Viwanda vya mikate vyote vya hapa vinavaa hizo. Ila bibi, unanunua au unasalimiana nazo?"

Nikatoka, moja kwa moja mpaka kwa Fundi Suruali. Nani mwingine alikuwa akizishika glavu zangu kila mwezi?

"Mwizi mkubwa wewe! Umeuza mkono wangu!"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, wateja wake wanasikiliza.

"Mama Mkono, mimi suruali zenyewe nashona mguu mmoja unatoka mrefu. Hicho kikwapa nitakiweza wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikalia.

Alipoona machozi akavua futi yake shingoni. "Twende," akasema. Akaniongoza mpaka nyuma ya maghala.

Karakana ilikuwa na cherehani nane, safu mbili, wanawake wameinama wanashona. Kule mbele, kwenye meza ya kukatia, kuna mtu anatoa maelekezo huku anapiga soga na kucheka, mkasi mkononi.

Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia kwa miaka mitatu. Jumapili kwangu alikuwa ananiletea nyingine.

Chiriku aliponiona akakatika katikati ya neno.

Hakukimbia. Hakujitetea. Alichukua karatasi ngumu pale mezani, akanionyesha. Upande mmoja ameandika KULIA.

Akaigeuza.

KUSHOTO.

Karatasi ile ile.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo tu, mama."

Wajukuu zangu, miaka thelathini nilikuwa nimelalia mkono wa kushoto. Ulikuwa chini ya godoro langu, ukisubiri nigeuze karatasi. Yule mama wa funguo aliuona mara moja. Mtoto wa mkekani aliuona.

Nikatafuta pa kushika. Nikashika rafu iliyokuwa nyuma yangu, na vidole vyangu vikajua blanketi kabla macho hayajajua.

Lile la kahawia. Lile la mistari. Lile la marehemu, nililolikata huku naumia.

Glavu zangu. Zimepangwa sita sita, mwezi baada ya mwezi, hazijawahi kuvaliwa. Zote za kulia.

Nikamtazama Fundi Suruali. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kumbe mteja wangu wa mbali alikuwa akija kwangu kila Jumapili kula, nami namsomesha habari za kidogo cha uhakika.

Mwizi ningemtukana nikapoa. Huyu ningemwambia nini?

Mnaosoma hapa na biashara zenu, mnataka niwaachie neno. Sina neno kubwa, shule yangu iliishia ya msingi. Ninalo dogo: "tu". Mimi fundi tu. Cherehani moja tu. Ya kulia tu. Nilidhani ni unyenyekevu, watu wakanisifu kwa adabu. Kumbe nilikuwa najikata mimi mwenyewe, kisha namkata na mtoto. Hakuna aliyenizuia. Ningempata hata mmoja wa kumlaumu, ningelala vizuri. Mtu akikuuliza kama unaweza jambo, shika ulimi kwanza. Geuza karatasi uone.

Mimi niligeuziwa yangu nikiwa na nywele nyeupe. Chiriku amenipa kiti karakanani, nawafundisha wasichana kutia kikwapa. Wananiita bibi, wananiletea chai. Ni heshima. Lakini kiti hicho nilipaswa kukinunua mimi, yeye akikute.

Siku ile nilimuuliza jambo moja mbele ya rafu: "Kwa nini hukuniambia?"

Alizipanga upya glavu ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Jumapili iliyofuata akaja, tukala, swali likakaa nasi kama mgeni asiyekaribishwa. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikamuuliza tena, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Jumapili hii iliyopita alikuwa ananisuka nywele. Alikaa nyuma yangu, hanioni uso, simwoni wake. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Ungeniambia niache, mama," akasema. "Na ningeacha."