Nilichoandika Kwenye Lubugo ya Bibi

Mimi ni mtu wa ndani. Ofisi yangu hapa Bukoba ni meza, kompyuta na dirisha linalotazama migomba ya jirani. Natengeneza kadi za harusi na mabango ya misiba, na miaka yote hiyo sikuwahi kuchora herufi hata moja kwa mkono. Kompyuta ina mwandiko mzuri kuliko wangu na haitetemeki.

Siku moja nikaweka wimbo wa zamani wa dansi ninaoupenda, ule ambao gitaa linaanza peke yake na mwimbaji anachelewa kuingia. Nikashika brashi, kwa kujifurahisha tu. Nilitaka herufi zifuate gitaa: nyingine irefuke, nyingine ijikunje. Karatasi ikaninyima raha. Ilikuwa nyeupe mno, kama cheti.

Mwisho wa wiki nikaenda Ijumbi kumsalimia bibi, akanituma sandukuni nimtolee blanketi. Chini yake palikuwa na lubugo, ile nguo ya gome la mti, rangi ya udongo, imekunjwa vizuri. Sikuuliza. Nilijiambia ni kitu cha enzi za babu kilichosahaulika, nikaitia kwenye begi chini ya mashati. Kama ilisahaulika, mashati ya nini? Hilo nalo sikujiuliza.

Herufi zilitoka vizuri, lazima niseme. Niliandika juu ya lubugo maneno mawili ya kiitikio, Rudi nyumbani, kwa rangi nyeusi ya mafuta isiyotoka. Nikaitundika ukutani nikaisifu peke yangu, maana wageni sina.

Wiki ya pili akapiga simu shangazi, anayeishi na bibi.

“Baba, kwenye sanduku la mama ulitoa blanketi tu?”

“Kwa nini, shangazi?”

“Lubugo yake haipo. Ile aliyoiweka azikwe nayo. Anasema nimeiuza. Leo siku ya nne hagusi uji wangu, anajipikia.”

Nikatazama ukutani. Nikasema nitakuja Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Ningeweza kusema ninayo, ikaisha palepale. Nikamwongezea shangazi siku tatu.

Jumamosi nikapiga magoti, nikaiweka mapajani mwa bibi. Akaikunjua, akasoma polepole kama alivyofundishwa kwenye katekisimu, kidole kikifuata herufi.

“Rudi nyumbani. Umeniandikia mimi, mume wangu?”

“Ni wimbo, bibi. Nisamehe. Sikujua ni ya nini.”

“Hukujua au hukuuliza?”

“Sikuuliza.”

“Na hii ya mwisho mbona imelala ubavu?”

“Nafasi iliniishia.”

“Mimi msinilaze hivyo.” Akaigeuza. “Maandishi yatakaa ndani. Watu wasije wakadhani mnazika baa.”

Nikacheka haraka, maana nilitaka yaishie hapo. Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Bibi, ambaye tangu ipotee alikuwa akilifunga sanduku, akavua ufunguo uliokuwa shingoni kwa kamba, akamnyooshea.

“Irudishe sandukuni, waitu, mwanangu.”

“Airudishe aliyeitoa.”

Shangazi akaweka kikombe karibu na mguu wa bibi, akachukua panga lake, akaenda kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Tukasikia majani makavu ya migomba yakikatwa, moja baada ya jingine.

Bibi akanywa uji wote bila kuniangalia. Ufunguo nikauchukua mimi, bado una joto la shingo yake.