Viti vya Meno Ndani ya Saluni Yangu

Wakuu, niliwahi kufungua saluni ya kike yenye viti vya daktari wa meno.

Msicheke kwanza. Vilikuwa vile vyenye taa kubwa usoni na kisinki cha kutemea pembeni.

Mzigo wangu ulikuja kwa kontena la kuchangia, lile mnalojaza watu wengi, kila mtu na vyake. Aliyenitolea forodhani ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ofisi ya uwakala aliachiwa na marehemu baba yao, pamoja na utaratibu wa mzee: makasha ya kila mteja yanapakwa rangi yake. Mzee alikuwa haamini maandishi, eti yanafutika njiani.

Mimi nilipewa kijani.

Makasha yalishushwa saluni Ijumaa asubuhi, mimi niko sokoni natafuta mapazia. Kesho yake nilikuwa na bibi harusi na wapambe wake, wateja wangu wa kwanza kabisa. Mama mkwe alikuwa ameshatangaza kwamba saluni haimalizi mwezi.

Narudi, fundi ameshafungua makasha na kufunga viti viwili. Nikampigia shemeji.

"Shem, umeniletea nini?"

"Si mzigo wako? Makasha ya kijani, nimeyatoa mwenyewe."

"Kijani ipi? Mbona ni mekundu mpaka yanaumiza macho!"

Akasema anakuja.

Aliyewahi kufika ni daktari wa meno mwenyewe, amefura; kumbe alishampigia shemeji, akaelekezwa kwangu. Kliniki yake ilikuwa imeletewa mashine zangu za kukaushia nywele.

"Huyo shemeji yako ni tapeli," alisema. "Anabadilisha mizigo ya watu makusudi. Jumatatu napeleka malalamiko, leseni yake ifutwe."

Leseni ile ndiyo ilikuwa inamlisha shemeji, mkewe na watoto wao.

Shemeji alifika jasho linamtiririka. Nikamvuta chumba cha nyuma, penye rafu ya rangi za kucha.

"Hebu nipe nyekundu."

Mkono ulizunguka rafu nzima. Akanipa ya kijani.

"Tangu lini, Shem?"

"Tangu nizaliwe." Akakaa juu ya ndoo. "Kule ghalani kuna mpakuzi wa tangu enzi za baba. Mimi nasoma rangi kwenye karatasi, naita, yeye anatoa. Jana amelazwa, nikaona aibu kumuuliza mwingine."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Baba alimruka kaka, ofisi akanipa mimi, kwa sababu aliamini nina jicho la mzigo. Ningeanzia wapi? Nakuomba, usimwambie kaka."

Nikamwomba ruhusa nimweleze daktari tu. Daktari alisikiliza, hasira zikashuka. Akasema hashtaki, ila kuanzia siku hiyo kila kasha lipigwe namba kubwa. Shemeji akakubali kabla daktari hajamaliza kuongea.

Gari la kubadilishana mizigo lilipatikana Jumamosi mchana. Asubuhi yake bibi harusi alioshwa nywele amelala kwenye kiti cha meno, akasinzia kabisa. Wapambe wakagombania zamu. Kiti kilipoondoka waliuliza kinarudi lini!

Jumapili tuko mezani, nimefunga mdomo wangu kama nilivyoahidi. Mume wangu akaniangalia.

"Dogo zimemchanganya rangi, eh?"

Nikaweka tonge chini. "Nani kakuambia?"

"Aniambie nani? Tulikua wote. Tukitumwa nyanya, anarudi na mbichi, tunachapwa wawili."

"Na baba alipogawa ofisi ulinyamaza?"

"Mimi nilikuwa na gereji yangu. Yeye hakuwa na kitu. Ningefungua mdomo, angebaki na nini?" Akavuta jagi la maji. "Yule mpakuzi nilimwomba mimi, amwangalie."

Akaendelea kula. Mimi nililia pale pale mezani, sioni haya kusema.

Jumatatu nikawaita wote wawili saluni, nikawafungia mlango kwa nje mpaka waongee. Nilisubiri barazani. Kwanza nilisikia kelele, halafu vicheko vya watu wazima wanaolia.

Ndugu zangu, mkipokea mzigo, angalieni alama kabla fundi hajashika nyundo. Na kama kuna jambo unamficha ndugu yako kwa aibu, mwambie. Huenda analijua siku nyingi, na yeye ndiye amekuwa akikushikia usianguke.