Kona Iliyoachwa Uzazini

Kila masika, korongo wenye taji walipokaribia kushuka kwenye kinamasi cha chini ya Ngombezi, Mwanaidi aliwaambia wanawake wenzake kuwa kona ya mashariki iko uzazini. Tangu hapo mundu haukuingia kule. Walikata mafunjo ya majamvi kwingine kote yakabaki visiki, korongo wakapata pa kutua na kula, na kona ile ikasimama nene mpaka makinda yatoke. Mwenye uzazi habishiwi hodi. Ndivyo mama yake alivyomfunza.

Kisha ukaja mwaka wa nguzo za umeme mkubwa. Aliyewatembeza wapimaji alikuwa Muhidini, mdogo wa marehemu mume wa Mwanaidi. Kati yao alikuwamo Grasiana, dada wa mazingira, aliyetafuta pa kupitisha magari bila kuumiza mtu wala ndege.

"Kule kusikokatwa kunatumiwa na nani?" akauliza.

"Hakuna mtu," akajibu Muhidini. "Pori tu."

Mwanaidi akanyanyuka ndani ya maji, mundu mkononi. "Muhidini! Kule si uzazini kwa korongo?"

"Shemeji, usitutie aibu kwa wageni."

"Korongo wenyewe wako wapi, mama?" akauliza Grasiana kwa upole.

Walikuwa bado hawajashuka.

"Labda wako kliniki," akasema mpimaji mmoja, na wenzake wakacheka, Muhidini kuwapita. Grasiana hakucheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye visiki. Alipoona kinamasi kilivyonyolewa, akaamini kinachokiharibu ni mundu. Vigingi vya njia ya magari vikapigwa kwenye kona.

Masika yakaanza, korongo wakashuka palepale. Lori la kifusi lilipofika, jike lilikuwa limeatamia. Mwanaidi akasimama mbele ya gurudumu, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama, ondoka," akasema dereva. "Mimi nikiambiwa mwaga, namwaga."

"Kuna mayai hapo, mwanangu."

"Kwangu nako kuna watoto."

Muhidini akamshika mkono akamvuta kando kama mlevi wa harusini. Kifusi kikashuka. Jike liliruka dakika ya mwisho, likazunguka juu likilia, na dume likalipokea kilio.

Upande wa visiki ukawekwa kibao. Mwanaidi hakujua kusoma. Muhidini, sasa amevaa kizibao cha ulinzi kinachong'aa, akamsomea taratibu, akionja kila neno: eneo la hifadhi ya ndege, kukata mafunjo ni marufuku.

Majamvi yakaisha nyumbani. Mwanaidi akawa anapalilia mashamba ya watu, mundu wake ukishika kutu kwenye paa.

Masika yaliyofuata akaenda kusimama pembezoni mwa maji. Mafunjo yalikuwa yamefunga kila mahali, marefu kuliko alivyowahi kuyaona, na nyaya zikivuma juu yake. Alitazama mpaka shingo ikamuuma. Hapakushuka kitu.

"Shemeji, toka hapo!" Muhidini akapiga kelele kutoka barabarani. "Unawatisha ndege!"

Mwanaidi akamgeukia.

"Nionyeshe mmoja," akasema, "nimwombe radhi."