Mbuzi ya Nazi Niliyoifikisha Bila Habari Yake

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Nilitumwa kupeleka habari ya msiba, mimi nikaenda kutembea!

Mama alifariki Mombasa, tulikokimbilia wakati wa vita nikiwa mchanga. Kabla ya kukata roho aliniusia jambo moja: mbuzi yake ya kukunia nazi nimpelekee mdogo wake aliyebaki kisiwani kwao, Chovai. Ndugu zangu walitaka kumpigia simu mama mdogo. Nikawazuia. Nilisema habari kama hii ataipata kwa mdomo wangu. Nikaitia mbuzi ndani ya begi, nikalibeba mgongoni hadi Kismayu, kisha kwa mashua hadi kisiwani, meno ya mbuzi yakinichoma njia nzima.

Mama mdogo alinipokea kwa kicheko. Sijavua hata viatu, akauliza, "Dada yangu hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo. Kakuletea hii."

Aliishika ile mbuzi, akaipangusa, akaingia nayo jikoni. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho ikawa wiki sita! Pale kisiwani kila mtu alinisimulia mama alivyo, si alivyokuwa. Mama ni mbishi, "mchu mbishi" kwa lafudhi yao. Mama anawashinda wanaume kuogelea. Palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo mama bado yu hai, nami niliogopa kupafunga.

Basi nikatembea. Nilioga kila ufuo. Nikavuka hadi kisiwa cha Koyama kuona makaburi ya kale na misikiti isiyo na paa, nikaswali rakaa mbili mbele ya mihirabu iliyoota mti. Nikirudi nakuta samaki wa nazi ananingoja. Nilinenepa! Majirani walinitania kwamba wageni wengine hupewa jembe siku ya tatu, ila mimi itabidi nipewe kiwanja.

Siku moja nikamwambia mama mdogo kwamba nataka kwenda kisiwa kingine, nasikia nako kuna msikiti wa zamani. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Utanambia leo, au ningoje umalize misikiti yote?"

Nikajifanya sielewi.

"Mbuzi hii ilikuwa ya mama yetu. Tumeigombania mimi na mamako tangu tuko wari, hatujaolewa. Mchu mbishi kama yule angenipa akiwa hai?"

Nilicheka. Ndipo nikamwambia, nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kumbe alijua tangu siku ile ya kwanza. Lakini mjumbe nilikuwa mimi, na kwao hakuna anayeweka matanga kwa kukisia. Bila kauli yangu hakuweza kumwita hata jirani aje kulia naye. Wiki sita alilia peke yake kisimani, akanawa uso, akarudi kunipikia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimnyima matanga ya dada yake.

Khitma ilisomwa Ijumaa hiyo. Watu walijaa, wakala wali wa nazi iliyokunwa kwa mbuzi ileile, wakausimulia ubishi wa mama hadi waliokuwa wakilia wakacheka.

Wewe uliyebebeshwa habari ya msiba, iseme kabla hujanywa maji ya watu. Kunyamaza kwako hakumfufui aliyekufa, na anayekupikia huenda analia kisimani.

Mama mdogo ameshaniusia kwamba mbuzi ile siku moja itakuwa yangu. Nimemwambia sina haraka.